Kanga Aliyenaswa Kwenye Skrini

Siku ya kupeleka mahari ya mwanawe Éphraïm, kabla jua halijachoma mabati ya mtaa wa Kikula, Émérence alikuwa ameshamaliza kumchora kanga. Si nguo, kanga yule ndege wa madoadoa. Kichwa kidogo, shingo ya buluu, mgongo mpana kama sinia, na madoa meupe ambayo aliyapanga moja moja kwa kipanya mpaka kiganja kikafa ganzi. Ndege alijaa skrini nzima ya laptopu, anapendeza, yuko tayari kushonwa mgongoni mwa blauzi ya mama mkwe wa kijana wake. Kilichobaki ni kumtoa humo ndani. Na hicho ndicho kilichoshindikana.

Mama mkwe huyo, Blandine, hakuwa mtu wa makuu. Mbuzi, chumvi, mablanketi, vyote hivyo alivitaja siku ya mazungumzo kwa haraka, kama mtu anayetaja majina ya wajomba wasiompenda. Lakini alipofika kwenye nguo zake mwenyewe alituliza sauti. Blauzi yake iwe na kanga mgongoni. Alikuwa mjane, na alimsomesha binti yake Jenny kuanzia shule ya msingi mpaka akawa muuguzi, kwa kufuga kanga nyuma ya nyumba yake kule mtaa wa Panda. Ukoo wa marehemu mumewe ulimcheka miaka yote, ukimwita mama wa ndege. Siku ya mahari ya binti yake, Blandine alitaka wote waliomcheka wamwone anapogeuka.

Émérence anatarizi nguo za nusu ya mji, kuanzia kanzu za Idi mpaka sare za kwaya. Basi alijibu mbele ya familia zote mbili: “Kanga atakuya. Minye mwenyewe nitamushona.”

Blandine alimtazama bila kucheka. “Asipokuya, musigonge mulango.”

Hakuna aliyedhani ni utani. Nyumbani kwa Blandine neno lililosemwa mbele ya watu wazima halirudishwi mfukoni.

Blauzi ilikuwa tayari tangu Jumatano. Kisha umeme ukakatika, ukakaa huko ulikokwenda, ukarudi alfajiri ya Jumamosi yenyewe, siku ya mahari. Émérence aliusikia ukirudi kwa mngurumo wa friji, akatoka kitandani na kitenge kimefungwa ovyo, akaketi mbele ya laptopu. Hakunywa hata chai. Haraka hiyo ndiyo iliyomponza.

Mashine yake ya kutarizi ni kongwe, na programu ya kuchorea ni kongwe kuliko mashine. Inakubali Windows ya zamani tu, ile ya kilima chenye majani mabichi. Laptopu yake ya kwanza ilipokufa, Hervé, aliyesoma naye informatique, masomo ya kompyuta, na ambaye sasa anafanya kazi mgodini Kakanda, alimtengenezea ujanja: aliifungia kompyuta ya zamani ndani ya laptopu mpya. Unafungua dirisha, na ndani ya dirisha mna kompyuta nyingine nzima, ina kilima chake na saa yake, haijui kabisa kwamba inaishi tumboni mwa mwenzake.

Katika dirisha dogo, kanga mzima alionekana kama kupe. Madoa hayakuonekana kamwe. Kwa hiyo Émérence alifanya alivyozoea kufanya: aliiweka kompyuta ya ndani plein écran, ikafunika kioo chote, na ya nje ikapotea nyuma yake. Kuingia huko ni rahisi, unabonyeza menyu kwa kipanya, basi. Kutoka kunataka vitufe viwili pamoja: Ctrl ya mkono wa kulia, na F.

Laptopu hiyo ilikuwa ndogo. Haikuwa na Ctrl ya mkono wa kulia. Mahali pake mtengenezaji alikuwa ameweka mshale.

Siku zote Émérence alitumia kibodi ya pembeni, pana, yenye vitufe vyote. Lakini Jumapili iliyopita mume wake, Mathieu, aliimwagia chai ya maziwa, na kwa wema wake akaiosha kwa maji na kuianika juu ya mabati. Jioni vitufe vilikuwa vimekunjamana kama maganda ya karanga. Émérence alikuwa amesema aliyoyasema siku ile, kisha akasahau, kwa sababu mahari ya mtoto ina mambo mengi kuliko kibodi.

Palikuwa na njia nyingine ya kutoka, nayo aliiziba mwenyewe. Zamani, ukishusha mshale wa kipanya chini kabisa ya skrini, kilikuwa kinapanda kibao chembamba chenye alama za kufunga na kupunguza. Kilimkera. Kila alipotaka kushona shina la ua, kibao hicho kilipanda na kukaa juu ya shina. Alimpigia Hervé simu: “Toa hii kintu.” Hervé akamwonya kwamba siku moja yeye Émérence atakitafuta. Émérence akamjibu kwamba siku hiyo itajitegemea. Hervé akakitoa.

Bado hilo peke yake lisingemnyima usingizi. Angehifadhi kazi, angezima kompyuta ya ndani, angeanza upya. Ila programu ile ilikuwa toleo la bei rahisi, lililokuja bure pamoja na mashine, na halihifadhi mchoro mahali popote isipokuwa kwenye kadi ndogo ya mashine ya kutarizi. Kadi unaichomeka kwenye laptopu, kisha lazima kompyuta ya nje, kwa menyu yake, iipe ile ya ndani. Kila siku Émérence aliikabidhi kadi kwanza, ndipo akaenda plein écran. Leo alienda moja kwa moja kwenye kanga.

Kadi ilikuwa imechomekwa ubavuni mwa laptopu. Ya ndani haikuiona. Ya nje iliiona, lakini ya nje haikuonekana. Na kanga hakuwa amehifadhiwa popote duniani ila pale kwenye kioo, anang’aa.

“Shemeki, gari iko tayari,” Dodo aliita kutoka mlangoni.

Dodo ni mdogo wa Mathieu, humwita yaya, yaani kaka; ni dereva wa basi dogo, mtu anayeingia nyumba yoyote kama amezaliwa humo. Alikuwa amevaa shati la kitenge lililobana tumbo, na simu mkononi.

“Ngojea.”

“Yaya Mathieu ameshafika Panda na mbuzi. Anasema mbuzi anakula maua ya bantu.”

“Muambie amufunge. Dodo, kaa kimya.”

“Ule ndege ni muzuri,” Dodo alisema, akisogea nyuma ya kiti chake. “Sasa juu ya nini unamuangalia tu?”

Émérence alishika simu na kumpigia Hervé. Simu ililia mpaka akakata tamaa, kisha sauti ikaja, na nyuma yake malori makubwa yananguruma.

“Hervé, niko mu plein écran. Natoka je?”

“Ctrl ya kuume na F.”

“Haiko.”

“Iko, Émérence. Angalia kuume, chini.”

“Hervé, minye niko na macho. Kuume chini kuko mushale.”

Malori yalinguruma kidogo. “Na ile clavier kubwa?”

“Mathieu aliinywesha chai.”

“Na kibao cha chini?”

“Unajua kilikoenda.” Hervé alijizuia kucheka, kwa adabu, ingawa alikuwa anastahili kucheka.

“Bon,” alisema. “Jaribu Ctrl, Alt na Suppr.”

Alijaribu. Skrini ya buluu ya kompyuta ya nje ilifunguka, na moyo wake ukafunguka pamoja nayo. Alibonyeza alichoambiwa abonyeze, skrini ya buluu ikaondoka, na kanga akarudi mahali pake palepale, amejaa kioo kizima. Kitu kilikuwa kimefunguka nyuma yake, bila shaka, kama mtu anayezungumza nyuma ya ukuta. Hawakuweza kukigusa.

“Basi zima yote,” Hervé alisema. “Bonyeza bouton ya moto mpaka ife.”

“Na kanga?”

“Haukuweka ku carte?”

“Hervé.”

“Ah.” Malori. “Basi haizimwi. Minye nitashuka kesho, nitaangalia na…”

“Kesho Éphraïm atakuwa ameshakosa bibi,” Émérence alisema, akakata.

Éphraïm mwenyewe aliingia wakati huo, amevaa suti ya kijivu aliyoinunua Lubumbashi, na viatu mkononi ili visipate vumbi la uani. Alikuwa kijana mtaratibu, fundi wa umeme, na tangu asubuhi alikuwa amekwenda chooni mara zisizo na idadi. Alitazama skrini, akamtazama mama yake, akaelewa.

“Mama, tupeleke ile ya maua. Ile uliyoshona mwaka jana. Ni nzuri pia.”

“Aliomba maua?”

“Hapana.”

“Basi.”

“Atakasirika, lakini Jenny atazungumza naye.”

“Jenny hatazungumza naye. Jenny amefungiwa mu chumba na batantine, bashangazi yake, anapakwa mafuta.” Émérence aligeuza kiti. “Éphraïm, yule mama hakuomba gari. Hakuomba friji. Aliomba ndege mugongoni. Ukienda pale na maua, ni kusema hukumusikia. Na muntu asiyemusikia mama mukwe wake siku ya kwanza, atamusikia siku gani? Nenda kwa Hakim. Muambie nataka clavier yenye Ctrl mbili. Mbili, moja huku, moja huku.”

Hakim ana kibanda cha vitu vya umeme karibu na msikiti, na ni mtu wa kufungua mapema. Éphraïm alirudi naye, si na kibodi tu. Hakim alikuwa amebeba maboksi matatu na alitaka kuona mwenyewe.

“Salaam, Mama Éphraïm. Nimesikia uko na shida ya ndege.”

“Niko na shida ya Ctrl.”

Walifungua boksi la kwanza. Kibodi ndogo ya kukunja, ya rangi ya waridi. Ctrl moja, kushoto. Boksi la pili lilikuwa na kibodi isiyo na waya, inayong’aa taa, na kuume mwisho ilikuwa na Fn. Hakim alijaribu kumshawishi kwamba Fn ni ndugu yake Ctrl. Émérence alimtazama mpaka akanyamaza. La tatu lilikuwa na kibodi kubwa, pana, yenye Ctrl mbili kama mtu mwenye mikono miwili. Hakim aliichomeka kwa fahari.

Émérence alibonyeza Ctrl ya kuume na F. Hakuna kilichotokea. Alibonyeza tena. Alibonyeza A, akabonyeza nafasi, akabonyeza kila kitu.

“Imekufa,” alisema.

“Ni mupya, Mama.”

“Mupya na imekufa.”

Hakim aliigeuza, akaitikisa karibu na sikio lake. Kitu kidogo kililia ndani. “Ilitoka Dar na lori,” alisema kwa huzuni. “Barabara ile.” Aliahidi kumtafutia nyingine kwa rafiki yake mjini, akaondoka mbio kweli, kanzu ikipepea, na Éphraïm akabaki ameshika kibodi iliyokufa kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwenzake.

Mathieu alipiga simu. Émérence aliiweka kwenye spika, akaendelea kubonyeza.

“Mama Éphraïm, tuko hapa inje. Banatupa viti, lakini juani. Mama Jenny alipita, akaniuliza: kanga iko?”

“Ulimujibu nini?”

“Nilisema iko njiani.”

“Ulisema vizuri.”

“Iko njiani kweli?”

“Mathieu, ile chai uliyomwaga Jumapili, unaikumbuka?”

Mathieu alikata simu mwenyewe.

Hapo ndipo Émérence alipoacha kubonyeza. Hakuwa mtu wa kulia mbele ya mashine. Hasira ilikuwa imemjaa, hasira ya kuona kitu chako kwa macho yote mawili, kizima, bila dosari, na usiweze kukishika. Alivuta pumzi. Alijua kutarizi kwa mkono kabla hajajua kompyuta. Mama yake alimfundisha kwenye vitambaa vya meza. Akachukua blauzi ya Blandine, akachukua chaki, akakaa sakafuni mbele ya laptopu, akaanza kumnakili kanga kutoka kwenye kioo.

“Utamaliza leo?” Éphraïm aliuliza.

“Nitamaliza kichwa, shingo na mugongo. Madoa nitayatia mu gari. Dodo ataendesha polepole.”

“Minye siendeshake polepole,” Dodo alisema kutoka kwenye kona, ambako alikuwa amechuchumaa anacheza na simu yake.

“Leo utaendesha.”

Alishona. Uzi mweusi, uzi wa kijivu, sindano inapanda na kushuka, macho yanakwenda kwenye skrini na kurudi kwenye kitambaa. Nje watoto wa jirani walikuwa wanapiga mpira wa matambara ukutani. Kila baada ya muda alinyoosha mkono na kutikisa kipanya ili skrini isilale. Kichwa kilikuwa kinakuja, lakini mkono ulikuwa na haraka na kitambaa cha wax kina ubishi. Alipomaliza kichwa alikinyanyua kwenye mwanga.

“Mama,” Éphraïm alisema kwa upole mkubwa, “huyu ni kuku.”

“Ni kanga.”

“Ni kuku aliyenyeshewa, shemeki,” Dodo alisema.

Émérence alitazama. Ilikuwa kweli. Kuku aliyenyeshewa mvua, tena mgonjwa. Alimwona mawazoni Blandine akigeuka mbele ya ukoo wa marehemu mumewe na kuku huyu mgongoni, na wale wakicheka kicheko chao cha miaka yote, safari hii kwa sababu ya mkono wake yeye, Émérence. Ni heri kwenda mikono mitupu.

Aliinua macho kumtazama tena kanga wa kweli, yule wa kwenye kioo. Na mbele ya macho yake kanga akatetemeka kidogo, akafifia, akawa wa kijivu. Kimstari kidogo kikapita kutoka kushoto kwenda kuume juu ya kifua chake. Kisha akatoweka.

Éphraïm alisema neno ambalo hajawahi kulisema mbele ya mama yake.

Kioo hakikuwa cheusi. Kilikuwa na picha ya ziwa na milima, na alama ndogo ndogo zimepangwa upande wa kushoto, na pembeni kabisa, chini, betri ndogo nyekundu inapepesa. Ilimchukua Émérence muda kutambua anachokitazama. Ilikuwa kompyuta yake mwenyewe. Ile ya nje, iliyojificha tangu alfajiri. Plein écran ilikuwa imeondoka yenyewe, bila Ctrl, bila Hervé, bila mtu yeyote.

“Batterie faible,” alisoma, betri inaisha. “Batterie faible namna gani? Laptopu iko ku courant tangu asubuhi.”

Alifuata waya wa chaja kwa macho. Ulitoka kwenye laptopu, ukapita chini ya mguu wa meza, ukaishia sakafuni, umelala hewani kama nyoka aliyechoka. Na kwenye tundu lake, katika ile rallonge, waya wa kurefusha umeme, moja tu ya sebuleni, palichomekwa chaja nyingine, nyeupe, fupi, na mwisho wake palikuwa na simu ya Dodo.

Dodo aliitazama simu yake kama haijui.

“Ilikuwa asilimia mbili,” alisema. “Na weye uliniambia nikae kimya, donc nilikaa kimya.”

“Tangu saa ngapi?”

“Tangu niliingia.”

Tangu Dodo alipoingia betri ilikuwa inakufa polepole, na onyo lote lilikuwa linatolewa nyuma ya kanga, kwenye ile kompyuta isiyoonekana. Émérence alichomoa chaja ya Dodo kwa mguu, akachomeka yake, na alama nyekundu ikaacha kupepesa. Hapo tu ndipo alipothubutu kufikiri juu ya kilichotokea. Alifungua dirisha la ile programu inayobeba kompyuta ya zamani tumboni mwake. Jina la kompyuta hiyo lilikuwepo pale, kwenye mstari wake, na pembeni mwa jina, ambapo angetegemea kukuta neno la kuzimwa, palikuwa na neno moja la Kifaransa: Sauvegardée, imehifadhiwa.

Alilisoma mara ya pili.

“Nini?” Éphraïm aliuliza. “Mama, nini?”

“Imejilaza,” alisema Émérence. “Iliona betri inaisha, ikaogopa kufa na kazi mukononi. Ikajifunga vile ilivyokuwa, na kila kintu mahali pake. Kama muntu analala na kijiko mudomoni.”

“Na kanga?”

“Sijue bado.”

Hakuifungua upesi. Alijifunza asubuhi hiyo, na alijifunza kwa bei. Kwanza alikwenda kwenye mipangilio na kurudisha kile kibao chembamba cha chini, akakiwekea alama, akahakikisha alama imekaa. Kisha akaikabidhi kadi kwa kompyuta ya ndani, akasubiri jina la kadi litokee. Kisha akafuta viganja vyake kwenye kitenge, akabonyeza alama ya kuanzisha.

Kioo kikawa cheusi. Kimstari kikaanza kutembea, taratibu sana, na wote watatu wakakisindikiza kwa macho. Dodo alikuwa amevua kofia. Kimstari kilifika nusu, kikasimama kidogo kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, kikaendelea.

Kanga akarudi.

Alirudi na shingo yake ya buluu, na mgongo wake, na madoa yote, na mshale wa kipanya ulikuwa bado umesimama karibu na mkia wake, pale Émérence alipouacha. Hakuwa amepoteza hata doa.

Émérence aliketi. Hakukumbuka kwamba alikuwa amesimama. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, kisha machozi yakatoka, akayafuta haraka kwa blauzi ya mama mkwe kabla hajakumbuka ni nguo ya nani.

“Shemeki,” Dodo alisema polepole, akipima hewa. “Kama singechomoa chargeur…”

“Nyamaza.”

“Nasema tu. Kama singechomoa, ungekuwa bado mule ndani.”

“Dodo, nitakushukuru Jumatatu. Leo nyamaza, na ufumue kile kichwa cha kuku. Polepole, usitoboe kitambaa.”

Akahifadhi kwenye kadi, mara mbili, kwa sababu mara moja ni ya wanaoamini. Akashusha mshale chini ya skrini. Kibao kikapanda, kikafunika miguu ya kanga, na kwa mara ya kwanza akakiona kizuri. Akatoka plein écran. Akaingia tena. Akatoka tena, hivi hivi, kwa raha ya kutoka.

Mashine ya kutarizi ilipoanza kulia, Éphraïm aliketi akavaa viatu vyake. Sindano zilipiga kama mvua ya kwanza juu ya bati, uzi wa kijivu ukafunika alama za chaki, na mgongo wa ndege ukainuka kutoka kwenye kitambaa. Umeme ulikaa. Émérence hakuondoa macho kwenye taa ya ukutani mpaka doa la mwisho liliposhonwa, na umeme ulikaa.

Dodo aliendesha alivyosema huwa anaendesha. Hakuna aliyemlaumu.

Panda walikuta jua limepanda na viti havijahamishwa. Mathieu alikuwa amevua koti, uso unameremeta jasho, kamba ya mbuzi imefungwa kwenye mguu wa kiti chake. Alimtazama mkewe, akatazama kifurushi mikononi mwake, akainuka. Shangazi za Jenny walikuwa wamesimama mlangoni mikono kiunoni, watatu, wamejaza mlango.

“Mumechelewa,” alisema mkubwa wao. “Tulifikiri mumekwenda kuchumbia mahali pengine.”

“Tulikuwa tunangojea muntu mumoja avae,” Émérence alijibu. “Ana manyoya mengi.”

Mmoja wao alicheka kabla hajajizuia. Kifurushi kikapokelewa, mlango ukafungwa usoni mwao, kama inavyotakiwa, na wakabaki wamesimama juani. Éphraïm alikuwa anapumua kwa mdomo. Ndani palisikika sauti za wanawake, kisha zikakatika. Émérence alimshika mwanawe kiwiko. Alikuwa ameshafanya lake. Lililobaki halikuwa na kitufe.

Mlango ulifunguliwa wote, mbao zote mbili. Blandine alitoka. Alikuwa amevaa blauzi, na hakuwatazama wageni hata kidogo. Aliwapa mgongo. Alitembea polepole mbele ya viti vya ukoo wa marehemu mumewe, kutoka kiti cha kwanza mpaka cha mwisho, na kanga akatembea naye, madoa yake yakishika jua. Mzee mmoja wa ukoo ule alivaa miwani yake. Mwanamke aliyekaa kando yake alianza kupiga kigelegele, na wengine wakamfuata.

Ndipo Blandine alipogeuka. Alimjia Émérence, akamshika mikono yote miwili, akaitazama, vidole vina alama za sindano.

“Mama Éphraïm,” alisema. “Ingieni. Mbona munakaa juani kama bageni?”

Émérence aliingia. Akatafuta kiti kilicho karibu na dirisha, akaketi, akavua viatu mbele ya watu wote bila kuomba ruhusa, akasema anataka maji ya baridi, mengi, na kama kuna bukari, ugali wa mahindi, imebaki jikoni asiogope mtu kumletea, kwa sababu tangu jana usiku hajala kitu.